Saa ya mzee imejaa uchafu, niioshe vipi nyumbani bila kuiua?

"Shikamoo fundi. Baba kastaafu akanipa saa yake, ni otomatiki ya Uswisi, stenlesi yote na cheni yake, kaivaa zaidi ya miaka 20. Nyuma imeandikwa inahimili maji mita 50. Cheni imejaa uchafu mweusi katikati ya pingili, nikitoa jasho mkono unanuka, na kioo kina mikwaruzo. Nimeona video mtu analoweka saa nzima kwenye maji ya moto na bekingi soda na limau, halafu anasugua kioo kwa dawa ya meno, inatoka inang'aa. Mwingine anasema saa ya bei isiguswe na maji hata tone. Tena tangu nianze kuivaa naona inakimbia, kama dakika 6 kwa siku. Nifanye mwenyewe au nipeleke kwa fundi? Naogopa kuharibu kitu cha mzee."

Marahaba. Na hongera kwa kupewa saa mzee akiwa mzima, maana wengi huwa wanaikuta kwenye droo baada ya msiba na hakuna tena wa kumuuliza chochote. Swali lako ni kama maswali manne, nitayajibu yote ila sio kwa mpangilio wako, kwa sababu kuna moja hapo ukilikosea haya mengine hayana kazi tena.

Uchafu unaouona hauui saa. Kuiosha nje nako hakuiui. Kinachoua saa kama hiyo ni maji kuingia ndani, na hapo kinachoamua ni mpira. Saa yako imezibwa sehemu tatu: kwenye kifuniko cha nyuma, kwenye kinobu (kile cha pembeni unachozungusha kutega saa), na pale kioo kinapokaa kwenye bodi (lile chuma la nje linalobeba mashine). Kila sehemu ina ringi ya mpira au plastiki, nyingine nyembamba kama uzi wa kushonea. Ikiwa mpya ni ya duara na laini, inabanwa kati ya chuma na chuma inajaza nafasi yote, maji hayana pa kupita. Miaka inavyoenda, na jasho na joto la mkono na pafyumu, mpira unakauka, unakuwa bapa, unapasuka. Mimi nikifungua saa ambayo haijaguswa miaka 15 mara nyingi naukuta umelala kama uzi uliopigwa pasi, nikiugusa na koleo unakatika vipande, na mwingine unanata kama lami mpaka niukwangue kwa kijiti. Huo ndo ulinzi ambao mtu anautegemea akiingia nao baharini.

Sasa hiyo mita 50 iliyoandikwa nyuma. Watu wengi wanasoma wanadhani wanaweza kuzama nayo mita 50, sio hivyo. Ile ni presha ambayo saa ilipimiwa ikiwa mpya, maji yametulia. Kuna kiwango cha kimataifa kabisa, ISO 22810, kinachohusu saa za kawaida za kuhimili maji, na kingine ISO 6425 cha saa za wazamiaji ambacho ni kikali zaidi na kinaanzia mita 100. Kwa matumizi ya kawaida mita 30 ichukulie ni ya kunyeshewa na kunawa mikono, 50 labda kuogelea kidogo taratibu, kuanzia 100 ndo unaogelea bila wasiwasi. Na yote hayo ni kwa saa ambayo mpira wake ni mzima. Ya kwako ina miaka 20, hujui mara ya mwisho kubadilishwa mpira ni lini, kwa hiyo kwa leo ihesabu kwamba haina kinga ya maji kabisa, hata kama mzee atakwambia "nilikuwa naoga nayo kila siku haikuwahi kuingia maji." Ilikuwa haijawahi.

Kwa maana hiyo yule wa pili anayesema isiguswe na maji yuko karibu na ukweli kuliko yule wa video, japo naye kazidisha. Na yule wa video ananiumiza roho, acha nieleze kwa nini.

Maji ya moto ndo mabaya kuliko vyote alivyotaja. Saa ndani ina hewa. Ukiitumbukiza kwenye moto ile hewa inapanuka, nyingine inajipenyeza inatoka kwenye mpira uliochoka. Ukiitoa, saa inapoa, hewa iliyobaki inasinyaa, sasa inavuta kutoka nje kujaza nafasi, na nje ni nini? Maji yenye soda na limau. Saa imeyavuta yenyewe. Na ukitia na sabuni, inafanya maji yawe mepesi kupenya kwenye upenyo mdogo, ambako maji matupu yangekwama. Ndo maana kuoga na saa maji ya moto, au kuingia nayo sauna, ni hatari kuliko kunyeshewa mvua, watu hawaamini ila sababu ni hiyo.

Bekingi soda ina chembe, inaweza kufubaza sehemu zilizong'arishwa kama kioo, na ikikauka kwenye maungio ya cheni inabaki unga mweupe wa kukusumbua wiki nzima. Limau na siki ni asidi. Hazitakula stenlesi kwa dakika mbili, ila zikibaki zimejificha kwenye upenyo, au saa ikiwa na sehemu iliyopakwa dhahabu juu juu, utajuta. Na usije ukaweka dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, hiyo naikataza kabisa, maana stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu juu yake na klorini inautoboa, unakuta vishimo vidogo kama vya sindano na vikishatokea havisuguliki.

Haya, cheni. Ule uchafu mweusi ni ngozi iliyokufa, jasho, mafuta ya mwili, mabaki ya sabuni na vumbi, na ndani yake kuna unga wa chuma chenyewe. Huu unga ndo sababu nasema kuosha cheni sio urembo. Kila ukipinda mkono pingili zinazunguka kwenye pini zake, vumbi na jasho vikichanganyika hapo inakuwa kama msasa wa maji, inasaga pini na matundu kidogo kidogo miaka na miaka. Shika cheni yako kwa ubavu, iwe imelala hewani, uangalie inaning'inia kiasi gani. Cheni nzima inabaki karibu imenyooka, iliyosagika inaanguka kama mnyororo wa baiskeli uliolegea. Watu wanasema cheni "imevutika", haijavutika, imeliwa.

Njia salama kwako ni kutenganisha cheni na saa. Cheni imeshikwa na pini mbili zenye springi, moja kila upande, kati ya zile pembe za bodi, na kuna kifaa kidogo kama bisibisi chenye ncha ya uma cha kuzitolea. Ukiamua kutoa mwenyewe, bandika selotepu kwenye pembe zote nne kwa nyuma na ubavuni kwanza, kwa sababu kile kifaa lazima kiteleze, hata mimi kinanitelezea, na mkwaruzo wa pale unakaa milele. Fanyia kazi juu ya taulo, ile pini ikiruka kwenye sakafu ya vigae hutaiona tena maishani. Kama mikono inatetemeka, achana nayo, fundi yeyote atakutolea kwa dakika moja na wengi hata hawakuchaji.

Cheni ikishakuwa peke yake hapo huna cha kuogopa, iloweke kwenye maji ya vuguvugu na matone mawili matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo, nusu saa au saa nzima, halafu mswaki laini wa mtoto. Sugua kwa kufuata mistari ya chuma, sio kuzungusha. Pinda pingili moja moja uzipige mswaki kwa pembeni na kwa chini, hapo utaona maji yanageuka rangi ya chai ya rangi na vitu vyeusi kama nyuzi vinatoka. Kifungio ndo kichafu kuliko kote, fungua mabawa yote, ingia mpaka kwenye springi. Maji yakichafuka mwaga, rudia, mara ya pili au ya tatu yatatoka meupe. Suuza sana, kung'uta, futa, iache ikauke usiku mzima kabla hujairudisha, maana maji yanayobaki kwenye pini ndo yanaanzisha kutu ya ndani. Ile harufu ya mkono itaisha siku hiyo hiyo.

Saa yenyewe (kichwa) ni kitambaa tu. Kile cha kufutia miwani, kilowe kidogo kiasi kwamba ukikikamua hakitoi tone. Lakini kabla hata hujashika kitambaa hakikisha kinobu kimefungwa. Kama ni cha kusukuma kisukume mpaka kwenye bodi, kama ni cha skrubu kwanza kizungushe kinyume taratibu mpaka usikie kama "tik" ya skrubu kukaa kwenye njia yake, ndo ukaze, ukisikia kinagoma usilazimishe, rudi nyuma uanze tena. Kosa la kukaza kikiwa kimekaa upande linakula nyuzi za skrubu na hapo ni kununua kingine. Nyuma ya saa, kwenye mstari wa kifuniko, uchafu ukiwa mgumu tumia kijiti cha mbao cha meno, kikavu, uupakue. Sio sindano, sio kisu. Shika saa uso ukiangalia chini ili kinachotoka kianguke, kisirudi kwenye mstari.

Ukiona kutoa cheni ni balaa basi inawezekana kuiosha ikiwa imefungwa kwenye saa, ila kichwa kikae juu mkononi mwako, cheni inaning'inia chini, mswaki umelowa kidogo tu, na unasuuza kwa kitambaa cha maji badala ya kuweka bombani. Ni kazi ndefu na haitoki safi vile.

Zile mashine ndogo za kuoshea miwani kwa mtetemo, cheni peke yake weka. Saa nzima hapana. Mtetemo unalegeza skrubu ndani, unaweza kuharibu mafuta, na kama mpira umechoka unasukuma maji ndani vizuri tu.

Kioo sasa. Saa ya Uswisi ya bei, ya miaka hiyo, kuna uwezekano mkubwa kioo ni safaya, yaani yakuti ya kutengeneza kiwandani. Ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi ni 10, na mchanga wa kawaida uko kama 7. Dawa ya meno haina uwezo wa kuondoa mkwaruzo kwenye kitu kigumu hivyo, utasugua mpaka mkono ulegee. Sasa utauliza, kama ni ngumu hivyo mikwaruzo ilitoka wapi? Mara nyingi unachokiona ni kwenye ule utando wa kuzuia mng'ao unaopakwa juu ya kioo, huo ni laini, unakwaruzika, na kioo chini yake ni kizima kabisa. Ukiuparamia na dawa ya meno unautoa kwa mabaka, hapo saa inaonekana mbaya kuliko mwanzo. Dawa ya meno ilipata jina kwenye saa za zamani zenye kioo cha plastiki, na kwa zile inafanya kazi kweli, japo kuna pasti yake maalumu iliyo nzuri zaidi. Gonga kioo taratibu kwa ukucha na ukiguse na mdomo: plastiki inatoa sauti nzito na haina ubaridi, safaya ni baridi na sauti kali. Ikiwa safaya, iache, au fundi abadilishe kioo siku ya servisi kama inakukera sana.

Mikwaruzo ya chuma nayo naomba uiache. Kupiga polishi maana yake ni kukata chuma mpaka ufike chini ya mkwaruzo, kwa hiyo kila polishi saa inapungua, kona zinakuwa za mviringo, mstari uliokuwa mkali kati ya sehemu ya mistari na sehemu iliyong'arishwa unapotea. Nikiwa bado najifunza kazi nilimpigia mzee mmoja saa yake polishi bila kumuuliza, nilidhani nampa zawadi, ilikuwa inawaka. Akaipokea akaipindua pindua, akaniuliza ule mkato wa pembeni uko wapi, kumbe aliupata siku aliyoanguka na pikipiki na mkewe wakiwa vijana. Sikuwa na la kusema. Na ukiacha hayo ya moyoni, wanunuzi wa saa za zamani wanalipa zaidi kwa bodi ambayo haijaguswa, kwa hiyo hata kwa hesabu za pesa polishi ni hasara.

Sasa hii ya kukimbia dakika 6 kwa siku. Saa ya makenika (inayotembea kwa springi, sio betri) yenye cheti cha Uswisi cha usahihi, ile ya COSC, inaruhusiwa kupotea kati ya sekunde 4 nyuma na 6 mbele kwa siku. Dakika 6 ni kitu kingine kabisa, na kwa kuwa imeanza ulipoanza kuivaa wewe mimi nashuku sumaku. Ndani kuna springi ya kujizungusha, nyembamba kama unywele, inayopumua inafunguka na kujifunga. Kwenye saa nyingi za kisasa inapiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 8 kila sekunde. Ikishika sumaku mizunguko yake inanatana, ni kama springi imekuwa fupi, na springi fupi inapiga haraka. Jiulize usiku saa unaiweka wapi. Juu ya spika? Kwenye kava la tablet lenye sumaku? Karibu na simu ya kuchaji kwa kubandika? Mzee wako labda alikuwa anaiweka kwenye kisahani cha mbao, basi.

Kupima ni rahisi, chukua dira ya kweli ya sindano, iweke mezani itulie, sogeza saa pole pole pembeni yake. Sindano ikicheza na kufuata saa, jibu umepata (ikisogea kidogo sana usihukumu, bodi ya chuma nayo inaweza kuivuta kidogo). Fundi anaitoa sumaku kwa sekunde chache kwa kifaa chake, saa haifunguliwi hata. Vifaa hivyo vinauzwa na unaweza kununua, ila kwa saa moja sioni sababu. Kama dira haichezi basi tatizo liko kwenye springi au mafuta, na hapo hakuna cha nyumbani.

Maana mafuta nayo yana umri. Ndani kuna matone madogo sana ya mafuta kwenye vijiwe vya yakuti ambavyo magurudumu yanazungukia, yakikauka au kuhama saa inaendelea kutembea tu, haikuambii, huku vyuma vya ndani vinasagika. Makampuni mengi yanataja servisi kila miaka 5 hadi 10 kutegemea saa. Muulize mzee mara ya mwisho ilifunguliwa lini. Akisema "mi sijawahi kuipeleka popote, haijawahi kunisumbua," basi jibu la swali lako la mwisho ni ipeleke, hata kama inatembea vizuri, na mpaka hapo usiivae kila siku.

Baada ya hapo matunzo ni madogo tu. Jioni ukiivua ifute kwa kitambaa kikavu, nyuma na kwenye cheni, nusu dakika. Pafyumu na losheni ya jua jipake kwanza, zikauke ndo uvae saa. Siku ukija kuweka mkanda wa ngozi huo hauoshwi, unafutwa na kupumzishwa siku moja moja ukauke jasho. Ikiwa imesimama zungusha kinobu kama mara 20 hadi 30 ndo uivae, usiitikise kama chupa ya dawa. Na kama ina tarehe, usiibadilishe tarehe kwa haraka usiku, kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 9 usiku, maana meno ya kubadilisha tarehe yanakuwa yameshikana na ukilazimisha yanavunjika. Hapa watu wetu wanachanganyikiwa kwa sababu saa 3 usiku mshale uko kwenye 9, kwa hiyo njia ya mkato ni kupeleka mshale mfupi kwenye 6 kule chini, ndo ubadilishe tarehe.

Ukiona ukungu chini ya kioo, hata kidogo, hata kama umepotea wenyewe baada ya saa moja, hiyo ni siku ya kwenda kwa fundi, sio wiki ijayo. Usiizike kwenye mchele, usiipulizie draya, mchele hautoi maji kwenye kitu kilichozibwa na draya inayeyusha mafuta. Kama ni maji ya chumvi ni mbio za masaa, kutu inaanza upesi mno.

Ukienda muulize kama ana mashine ya kupima presha, ile inayopima kwa hewa bila kulowesha saa, na akupimie mbele yako baada ya kubadilisha mipira. Omba vipuri vya zamani akurudishie kwenye kimfuko. Na kabla hajashika bisibisi mwambie polishi hutaki, tena ikibidi iandikwe kwenye risiti, maana vijana wengine wakiona mkwaruzo mikono inawawasha, najua kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo.